Mume wangu ameshaugawa mkupuo kabla haujaingia

Mwanangu mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 56, nauza mchele na maharage Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa Morogoro. Baba watoto ni mwalimu wa sekondari. Mwakani anafikisha miaka 60, na atakuwa ametumikia miaka 34. Amekaa na wenzake wakapiga kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, wakaona mkupuo wake, yaani hela anayolipwa mara moja, utakuwa kama milioni 63 na pensheni ya kila mwezi 633,000. Kwa sasa mshahara, baada ya makato, anashika kama 1,090,000.

Tatizo ni kwamba hizo milioni 63 zimeshakwisha. Kwenye daftari lake, milioni 28 ni za Hiace iliyotumika, ipige njia ya Turiani. Milioni 30 ni za kujenga nyumba kwao Kibosho, Kilimanjaro, kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichoachiwa na baba yake. Milioni 5 ni za kitinda mimba wetu, aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita na bado anazunguka na bahasha, eti akalime matikiti. Nikijumlisha, inabaki sifuri. Na anasema zikipungua tutauza nyumba ya Kihonda tunayoishi, kwa sababu sisi tutakuwa tumeshahamia Kibosho.

Mimi ni Mluguru wa Matombo. Kibosho nakwenda Krismasi, nakaa siku kumi, narudi. Sina neno na wakwe zangu, lakini biashara yangu, kikoba changu, jumuiya yangu na binti yetu mwenye wajukuu, vyote viko hapa. Nikimwambia hivyo anasema nataka azeekee ugenini.

Kuna jingine ambalo sijamwambia mtu. Mwezi uliopita nilimwomba kadi yake ya benki nikatoe hela ya gesi, akababaika. Mwishowe akasema kadi iko kwa mtu aliyemkopesha milioni 4, na namba ya siri anayo huyo mtu. Mshahara ukiingia yule anatoa chake kwanza, kinachobaki ndicho anamrushia kwenye simu. Kwenye daftari la milioni 63 deni hilo halimo.

Presha anayo, dawa anameza kila siku. Ni mtu mwema, hajawahi kunipiga wala kutunyima, na sitaki kumvunjia heshima mbele ya watoto. Nataka tu tule uzee wetu kwa raha. Nianzie wapi?

Mke wa Mwalimu, Morogoro

*

Mama, shikamoo.

Anzia kwenye kadi. Mkupuo utaingia kwenye akaunti ya benki aliyoiandikisha mwalimu, na kwa watumishi wengi akaunti hiyo ndiyo ileile ya mshahara. Maana yake milioni 63 zitatua mahali ambapo mtu mwingine ana kadi na namba ya siri. Hiace na Kibosho mnaweza kuvijadili mwaka mzima mkiendelea kula vizuri, lakini hili la kadi halingoji.

Mwalimu si wa kwanza. Mikopo hii ya mtaani watu wameibatiza kausha damu, na walimu ni wateja wake wakubwa kwa sababu mshahara wao unajulikana tarehe. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayekopesha kwa biashara anatakiwa awe na leseni, chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Mwenye leseni au asiye nayo, namba ya siri ni ya mwenye akaunti peke yake. Basi mwalimu aende tawini na kitambulisho chake cha NIDA, aifungishe ile kadi, apewe nyingine. Kumbuka kwamba kufunga kadi hakufuti deni. Deni litalipwa, ila kwa hesabu iliyoandikwa: alikopa kiasi gani, amelipa kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Sitashangaa mkikuta ameshalipa zaidi ya milioni 4 na bado anadaiwa. Akiwa na SACCOS ya walimu, kuhamishia salio huko kwa miezi hii iliyobaki kutakuwa nafuu kuliko kumwachia huyu aendelee kujihudumia.

Usilifanye hili kuwa kesi. Mwanamume aliyesimama mbele ya darasa miaka 34 ana aibu ya kukiri mbele ya mkewe kwamba hela yake anaipokea kwa kurushiwa. Ameshakwambia ukweli alipobanwa; ichukulie hiyo kama imani kwako. Mwambie, "Twende benki wote, mimi nitakaa nje." Watoto hawana haja ya kujua.

Sasa tuje kwenye milioni 63, na hapa naomba nikutetee mume wako kidogo. Nadhani anapanga kama mtu aliyeibiwa. Kabla ya 2018, mwalimu wa Serikali alikuwa mwanachama wa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na PSPF ilikuwa inalipa nusu ya mafao kwa mkupuo: 1/540 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi wa utumishi, na nusu ya jibu ikizidishwa kwa 15.5. Mwaka 2018 mifuko ikaunganishwa, PSPF, LAPF, GEPF na PPF zikawa PSSSF, na mwishoni mwa mwaka huo huo zikaja kanuni za mkupuo wa asilimia 25 zilizozua kelele nchi nzima mpaka Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa 1/580 na 12.5. Kelele zikarudi, na kwenye bajeti ya 2024/25 waliokuwa kwenye nusu wakapandishwa hadi asilimia 40, wale ambao mifuko yao ya zamani ilikuwa inalipa asilimia 25 wakawekwa kwenye 35.

Nimejaribu kuirudia hesabu ya mwalimu. Ukichukua wastani wa mishahara yake bora kuwa 1,500,000 kwa mwezi, na miezi 408 ya utumishi, unapata kweli kama milioni 63.3 na pensheni 633,000. Kwa kikokotoo cha zamani angepata kama milioni 105 mkononi, na pensheni 567,000. Tofauti ya mkupuo ni milioni 42. Yale 66,000 yaliyoongezeka kwenye pensheni hayawezi kuifidia hata akiishi miaka mia. Anayemwambia kwamba ni kitu kilekile hakupiga hesabu. Hasira yake ni ya haki.

Ila daftari lake linanionyesha kitu. Nyumba ya kijijini, gari la biashara, mtaji wa mtoto: hayo ni matumizi ya mtu mwenye milioni 105. Alianza kuyaota akiwa kijana, alipowaona wazee wa wakati ule wakistaafu hivyo, na ndoto haikupunguzwa kikokotoo kilipopunguzwa. Ndiyo maana nyumba ya Kihonda imeingizwa kwenye mauzo. Inaziba pengo la zile milioni 42.

Pengo la kuziba kwanza ni jingine kabisa. Leo anashika 1,090,000. Siku mshahara ukikatika atashika 633,000. Kila mwezi, mpaka mmoja wenu aondoke duniani, kuna kama 460,000 ambazo zilikuwa zinaingia nyumbani na hazitaingia tena. Bei ya mkaa haijui kwamba mtu amestaafu. Ukiniuliza ustaafu wa raha ni nini, sitakutajia nyumba wala gari. Nitakwambia ni mwezi wa kumi na nne baada ya sherehe ya kuagwa, tarehe 20, na hakuna anayetafuta mtu wa kumkopa. Mkupuo kazi yake ya kwanza ni hiyo. Ukiugawa wote kwenye vitu, hizo 460,000 mtazitafuta kwa yule mwenye kadi.

Basi fanyeni hivi. Serikali inakopa kwa wananchi kupitia hati fungani, zinauzwa kwa mnada na Benki Kuu, na mtu wa kawaida anaingia kwa kuanzia milioni 1 kupitia benki yake au dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Zipo za miaka miwili mpaka 25. Riba inalipwa kila baada ya miezi sita, na mtaji unarudi mwisho wa muda. Kiwango cha riba kinategemea hati yenyewe na mnada wa siku hiyo, kwa hiyo akaulize cha wakati huo. Mimi nitatumia asilimia 12 ili tuone sura. Milioni 40 kwa asilimia 12 ni milioni 4.8 kwa mwaka, sawa na 400,000 kwa mwezi. Unaona pengo lilivyobaki dogo, na hakuna aliyeamka usiku kuangalia injini.

Shida ya malipo ya miezi sita ni kwamba yakija yanakuja kwa kishindo, na wageni nao wana pua. Njia mojawapo ni kununua kwa mafungu mawili, milioni 20 sasa na milioni 20 miezi mitatu baadaye, ili kila robo mwaka pawe na kitu kinachoingia. Njia nyingine ni UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja. Wana Mfuko wa Hati Fungani ambao mwekezaji anaweza kuchagua kulipwa gawio kila mwezi, na wana Mfuko wa Ukwasi kwa hela ambayo huenda ukaihitaji wakati wowote. Mimi ningegawanya. Mwalimu ana mwaka mzima wa kwenda kuuliza, akilinganisha, na kuuliza hakuna ada.

Nisikufiche upande wa pili. Riba ya hati fungani haipandi bei zikipanda. Laki nne za leo baada ya miaka kumi na tano hazitanunua kilekile, kwa hiyo miaka hii ya mwanzo, wewe ukiwa bado sokoni, msile riba yote. Rudisheni kidogo kwenye vipande vya UTT. Na ukitaka mtaji wako kabla ya muda, hati inauzwa kwenye soko la hisa kwa bei ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa pungufu. Ndiyo maana nasema milioni 40 na si 63. Milioni 5 zikae mahali pa kuzifikia ndani ya siku chache, za ugonjwa na misiba.

Hiace. Sisemi daladala hailipi. Inamlipa mtu anayeamka saa kumi alfajiri, anayemjua fundi na fundi anajua kwamba anajua, ambaye dereva akisema leo njia ilikuwa mbaya anaweza kusikia kama ni kweli. Mwalimu wako ana presha na hajawahi kuendesha biashara ya gari. Hesabu ya siku ataiona wiki za mwanzo, zikifuata tairi, bima, leseni ya LATRA, faini, gea boksi. Na jambo ambalo wauza magari hawalitaji: gari linazeeka pamoja na mwenyewe. Baada ya miaka mitano ile milioni 28 haipo, na yeye ana miaka 65. Hati fungani ya milioni 28 baada ya miaka mitano bado imeandikwa milioni 28. Kama roho yake iko kwenye biashara, yako ipo tayari, ina wateja, na inajulikana inaingiza nini. Akukarabatie banda, akuongezee magunia wakati wa mavuno bei ikiwa chini, akae na daftari la wadaiwa. Walimu wana mkono wa kuandika.

Kwa wakati huu pia atafuatwa. Orodha ya wanaostaafu huwa haifichiki, na kila mwenye mradi wa kuku, wa sungura, wa fedha za mtandaoni atakuja na suti. Mwenye umri wenu anaikumbuka DECI ya mwaka 2009, watu wakiambiwa wapande mbegu wavune maradufu, mpaka Serikali ilipoifunga. Majina yanabadilika, ahadi ni ileile. Anayeahidi kwa mwezi kile ambacho Serikali inalipa kwa mwaka hana biashara, ana foleni: wa mbele analipwa kwa hela za wa nyuma.

Kibosho sasa, na hapa ndipo utakapohitaji busara zaidi ya hesabu.

Mwanamume wa Kibosho harudi nyumbani mikono mitupu. Wewe umeishi nao, unajua. Kila Desemba anapita kwenye nyumba za wenzake, marumaru, geti la chuma, maji yanatoka bombani, halafu anaingia kwenye nyumba ya baba yake. Hizo nyumba nyingi zinafunguliwa wiki mbili kwa mwaka na kulindwa na kijana wa jirani wiki hamsini, lakini wiki hizo mbili ndizo anazoziona yeye. Ukimwambia "sitaki Kibosho" anasikia "kwenu si kitu." Kwa hiyo usiseme hivyo. Mwambie unataka Kibosho yenye choo cha ndani. Milioni 6 zinaweza kuibadilisha nyumba ya baba yake: paa, sakafu, chumba kimoja chenye kitanda kizuri, choo na bafu ndani. Atakuwa na pa kufikia, pa kupokea wageni, pa kukaa mwezi mzima kahawa ikiwa inachumwa kama anataka. Hapo amerudi, na kwa heshima.

Nyumba ya milioni 30 siikubali, na sababu ya kwanza ni wewe. Kihamba ni ardhi ya ukoo, inatoka kwa baba kwenda kwa mwana. Hela za ndoa ya miaka yote hii zikishamwagwa kwenye zege la pale, mwalimu akitangulia, utabaki unaishi kwa wema wa mashemeji. Wakwe zako ni wazuri, umesema. Nawaamini. Warithi wao siwajui. Hata mahakama ikiweza kukusaidia, mjane wa miaka 70 kusafiri kwenda mahakamani kila kesi inapoahirishwa si ustaafu wa raha. Na kwenu Uluguru, ambako ardhi hufuata upande wa mama, usidharau ulichonacho: hata nusu eka ya Matombo yenye migomba na mihogo inapunguza bajeti ya jikoni.

Nyumba ya Kihonda isiuzwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke, hata kama hati ina jina lake peke yake. Hilo ulijue, lakini usilitaje kwenye maongezi mpaka ulazimike, kwa sababu mke akishataja sheria, mume husikia talaka. Sema kwa njia nyingine: nyumba hiyo iko karibu na hospitali ya rufaa ya mkoa, karibu na binti, karibu na soko, na kodi haidaiwi. Kama nyuma kuna nafasi, vyumba viwili vya kupangisha vya ujenzi wa kawaida vitaleta kitu kila mwezi, na hicho pamoja na riba ndicho kitakachofunga zile 460,000. Watumishi wengi wanapostaafu hulipwa nauli na gharama za kusafirisha mizigo mpaka kwao, na nimeona watu wakihama kwa sababu tu lori limelipiwa. Hiyo hela aidai, ni haki yake. Isije ikawa ndiyo iliyoamua mnakoishi.

Kuhusu kitinda mimba sina maneno mengi. Matikiti yanalipa sana kwenye WhatsApp. Shambani kuna ukungu, kuna nzi wa matunda, kuna siku ambayo kila mtu amevuna na soko la Mabibo, Dar es Salaam, limejaa. Kijana ambaye hajawahi kulima asipewe milioni 5 za mzee zikawe ada ya kujifunzia. Apewe milioni moja au mbili, kwa jambo ambalo ameshalifanya kwa mikono yake miezi sita na likaonyesha dalili. Akikasirika, aje akusaidie sokoni ajue faida ya kilo moja ya mchele inatafutwaje.

Bima ya afya ifuatiliwe kabla hajatoka kazini, maana kwa mtu wa presha hii ni sawa na pensheni ya pili. Mtumishi aliyechangia NHIF huendelea kuhudumiwa akistaafu, yeye na mwenza wake. Watoto hawamo tena. Msingoje mpaka dawa ziishe ndipo muanze kuulizia kadi ya mstaafu. Hakikisheni na wewe umo, kwa cheti cha ndoa. Kama mlifunga ndoa kanisani na cheti kimeliwa na mchwa, huu ndio mwaka wa kukitafuta.

Na wewe, mama? Barua nzima umeandika habari za mafao yake. Ya kwako hakuna, na sokoni hapana mkupuo. NSSF wanapokea wajasiriamali, lakini pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, nawe ukianza leo utafika na miaka 71. Ndiyo maana naomba zile milioni 40 zisiandikwe jina moja. Ishirini jina lake, ishirini jina lako. Mwambie hivi: wewe una pensheni yako kila mwezi hata ukilala, mimi nikiumwa mgongo nisiweze kubeba gunia nina nini? Mwalimu mwema atalielewa swali hilo. Siku mtakayokwenda ofisi ya PSSSF muulizeni pia afisa, wote mkiwa mmekaa, wategemezi hulipwa nini mwanachama akitangulia, na mkague majina ya wategemezi yaliyoko kwenye faili lake. Watu huajiriwa wakiwa makapera na fomu hukaa hivyo hivyo.

Utamwambiaje haya yote? Si kwa siku moja, na si kwa kulishambulia daftari. Mwombe akusaidie kazi moja ya kialimu: mwezi mmoja aandike kila shilingi inayotoka nyumbani, kuanzia umeme mpaka sadaka mpaka michango ya harusi. Mwisho wa mwezi aweke pembeni ile 633,000 alinganishe. Aone mwenyewe. Akimaliza, mtafute mmoja wa wenzake aliyestaafu miaka mitatu minne iliyopita, mmwalike chakula, na umwache mgeni azungumze. Wastaafu wakishiba husema kweli kuhusu magari waliyonunua.

Akibaki na huzuni ya Hiace, usimcheke. Kinachomtisha huenda si hela. Miaka 34 kengele imekuwa ikimwambia asimame wapi. Aanzishe twisheni ya jioni barazani kwa watoto watano wa mtaa, akubali ukatibu wa jumuiya, awe na pa kwenda saa mbili asubuhi akiwa amechomekea. Hata kama twisheni hailipi, itamwondoa kijiweni ambako miradi ya sungura inauzwa.

Mwisho ni karatasi, na hizi aanze kuzikusanya mwezi huu. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, ya cheo cha mwisho. Majina yafanane kwenye barua, NIDA, benki na PSSSF; herufi moja iliyopishana inaweza kuchelewesha mafao. Aangalie taarifa ya michango yake kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani, na akiona miezi iliyorukwa aifuatilie kwa mwajiri akiwa bado mtumishi, kwa kuwa akishatoka ofisini hapokelewi vilevile. Mjiwekee pia matumizi ya miezi mitatu pembeni, maana mshahara hukatika siku moja na mafao huja kwa siku yake. Na kabla hajajaza fomu yoyote yenye namba ya akaunti, awe ameshatoka benki na kadi mpya mfukoni.